Filamu Yetu ya Jambazi Ilimsahau Aliyeibiwa

Mwigizaji wetu mkuu alikuwa na miaka 67 siku ile alipokaribia kuuawa sokoni Kibuye. Ilikuwa Jumapili, na tuliichagua Jumapili makusudi, kwa sababu ndiyo siku soko hilo la Kisumu hufurika. Wauza mitumba huwa wamemwaga nguo chini, mafundi wa jua kali wanagonga mabati, na watu wametoka Ahero, Maseno na hata Vihiga kuja kununua. Hatukuwa na pesa za kulipa umati, kwa hiyo tulitaka umati wa bure. Mzee alipaswa kutembea haraka na begi begani, ageuke mara moja, kisha akimbie hatua kama ishirini hadi nyuma ya kibanda cha viatu. Kamera tuliificha mbali, juu ya ngazi za duka, ili watu wasiitazame.

Alikimbia hatua kumi. Mtu mmoja akapiga kelele, "Mwizi!"

Aliyeishi mjini katika nchi yetu anajua neno hilo linavyowasha watu. Wauzaji waliinuka, vijana wa boda boda wakaziacha pikipiki zao, na jiwe la kwanza likampita mzee karibu na sikio. Mimi nilikuwa mita kama sitini kutoka pale, napiga mayowe kwamba ni filamu, ni filamu, na hakuna aliyenisikia. Aliyemwokoa ni mama mmoja wa mitumba. Alimvuta chini ya meza yake, akamfunika kwa rundo la mapazia, kisha akasimama mbele ya meza, mikono kiunoni, akawauliza vijana wale, "Nani ameibiwa? Ameibiwa nini?" Wakatazamana. Ni swali hilo tu lililowachelewesha mpaka tukafika na kamera, na barua, na pumzi zilizotuishia.

Barua tulikuwa nazo. Leseni ya kurekodi filamu tulikuwa nayo, ile inayotakiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Kituo cha polisi tulikuwa tumekijulisha. Lakini umati hausomi barua. Tangu siku hiyo sijawahi kumwambia mwigizaji akimbie mahali penye watu ambao hawajaambiwa. Kama huna pesa za kufunga kichochoro, kuwavalisha wenzako vizibao vya kung'aa na kumweka mtu mwenye kipaza sauti, basi huna pesa za mtu kukimbia. Andika atembee. Naliandika hili kwa kijana yeyote anayepanga kutoka na simu yake na bastola ya plastiki kwenda kushuti Kondele au Gikomba. Mwenzako anaweza kufa kabla hujafika alipo.

Tuliporudi Kaloleni jioni hiyo, kwenye nyumba tuliyokuwa tumepewa ya kurekodia, wote tulikuwa tunazungumza kwa wakati mmoja. Tuliulaani ule umati. Tulisema watu wamekuwa wanyama. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi kimya kwenye stuli, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili.

Mwenye nyumba alikuwa mama fundi cherehani, wa umri wa mzee wetu au zaidi kidogo. Alitupa sebule na chumba kimoja kwa siku tisa bila kodi. Masharti yake yalikuwa mawili: tumchotee maji kila asubuhi, na tusiisogeze cherehani yake. Alitusikiliza mpaka tukamaliza. Akasema, "Wale watu hawakuwa wanamfukuza huyu jaduong', huyu mzee. Kila mtu pale alikuwa anamfukuza mwizi wake."

Kisha akaniuliza mimi, kwa upole, huku akiendelea kupinda ukingo wa sketi, "Mwanangu, hii hadithi yenu nimeisikiliza siku mbili sasa mkiirudia humu ndani. Mzee wenu namwonea huruma. Mtoto wake pia namwonea huruma. Lakini aliyeibiwa simwoni. Yuko wapi?"

Sikuwa na jibu.

Niseme hadithi yenyewe ilivyokuwa. Jambazi mzee anatoka gerezani baada ya miaka kumi na tisa na kurudi Kisumu kumtafuta mwanawe, ambaye hakuwahi kwenda kumtembelea hata siku moja. Wenzake wa zamani, wale wachache walio hai, wanamtaka kwa kazi ya mwisho. Mwana hataki kumwona. Mwishoni kuna mapigano ya risasi kwenye mabohari ya zamani karibu na reli, na mzee anajiweka mbele ya mwanawe. Nilikulia kwenye vibanda vya video vya Manyatta, ambako kwa shilingi kumi ulikaa kwenye benchi na kutazama majambazi wa nchi za mbali huku kijana mwenye maikrofoni akikutafsiria kila neno. Nilimpenda yule jambazi aliyezeeka, mwenye koti refu na majuto. Nilitaka wa kwetu.

Na niliijenga hadithi kwa uangalifu, au hivyo ndivyo nilivyoamini. Nilisoma Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 296(2), kinachohusu wizi wa kutumia nguvu. Watu wengi hawajui jinsi kilivyo kipana. Ukiiba kwa nguvu ukiwa na silaha ya hatari, au mkiwa wawili au zaidi, au ukimjeruhi mtu, adhabu iliyoandikwa ni kifo. Si lazima iwe benki, na si lazima iwe bunduki. Wawili wenye panga mlangoni pa mtu wanatosha. Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987, lakini mahakama ziliendelea kutoa hukumu hiyo, na watu wakaendelea kuzeeka wakiisubiri, mpaka mwaka 2009 Rais Kibaki alipozigeuza hukumu za zaidi ya watu 4,000 kuwa kifungo cha maisha. Kwa hiyo mzee wangu alikamatwa mwaka 1997, akahukumiwa kifo, akabadilishiwa mwaka 2009, akatoka mwaka 2016 kwa msamaha wa Rais uliowekwa na kifungu cha 133 cha Katiba. Mwanawe alikuwa na miaka 5 siku ya kukamatwa, na 24 siku ya kutoka. Hesabu ilikuwa sawa, na nilijivunia hesabu hiyo.

Lakini yote ilikuwa hesabu ya mzee: miaka aliyokaa, hukumu aliyopewa, mvi alizotoka nazo. Nilijua tarehe ya kukamatwa kwake, na sikujua alikamatwa kwa kuiba nini. Kwenye mswada niliandika "tukio la zamani". Maneno matatu, basi.

Mama alituhadithia tukio lake. Miaka ya tisini, kabla hajahamia Kaloleni, aliamshwa usiku na wanaume wawili, mmoja ana panga, mwingine ana tochi. Walichukua redio, shilingi mia nne na kitu zilizokuwa kwenye mkebe wa chai, na cherehani. Ilikuwa Singer nyeusi ya kukanyaga, yenye maandishi ya dhahabu, aliyoilipia kidogo kidogo kwa miaka mitatu. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Alikuwa na sare za watoto kumi na moja, na vitambaa ni vya wenyewe. Vile vitambaa navyo walivibeba. "Bobini ilikuwa na uzi wa buluu," alisema, kile kigurudumu kidogo cha uzi kinachokaa chini ya sindano. "Nilikuwa nimeijaza jioni ile ili nianze alfajiri." Alivilipa vitambaa vya watu kwa muda wa miaka miwili, akishona kwa mkono. Hakuwahi kujua wale watu ni akina nani. Hakulia alipokuwa akihadithia. Alitafuta pini, akaipata, akaendelea na sketi.

Tulisimamisha kazi siku tatu. Kwa filamu ya bajeti yetu, siku tatu ni kitu kikubwa. Tulikuwa na shilingi 186,000 kwa jumla, michango ya marafiki pamoja na akiba yangu, na waigizaji tulikuwa tukiwalipa 1,500 kwa siku. Kamera ilikuwa ya kuazima, na mwenyewe alikuwa na harusi ya kushuti Jumamosi iliyofuata. Wenzangu wawili walitaka tuendelee na mswada kama ulivyo, tuongeze tu sehemu moja ambapo mzee anakumbuka watu aliowaumiza. Nilikataa. Nilijua ingekuwa nini: muziki wa huzuni, uso wa mzee dirishani, sura za watu zinapita kwa ukungu. Aliyeibiwa angekuwa bado hayumo. Yangekuwa tu machozi mengine ya mzee.

Aliyenisaidia kuandika upya ni mzee wetu mwenyewe. Hakuwa mwigizaji wa kazi. Alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha nguo cha KICOMI kabla hakijafungwa, kisha akauza nguo, kisha akawa mtunza hesabu wa kanisa. Nilimchagua kwa ajili ya uso wake na namna anavyonyamaza. Siku ya kwanza ya kuandika upya aliniuliza, "Nilipokuwa ndani miaka yote hiyo, mke wangu alimlea mtoto kwa kitu gani?" Nikasema labda biashara ndogo ndogo. Akasema, "Labda si jibu. Kwa kitu gani?"

Tuliketi kwenye kivuli cha mwembe, na hatukusema kitu kwa muda. Kisha nikageuka nikatazama ndani, kwenye ile cherehani tuliyokatazwa kuisogeza, na nadhani naye alikuwa anatazama kitu hicho hicho.

Basi hadithi ikageuka. Mzee alikamatwa, lakini cherehani haikupatikana. Ilibaki kwa mkewe. Alimwambia aliinunua, na mkewe ama aliamini ama aliamua kuamini. Kwa cherehani hiyo alimsomesha mtoto hadi kidato cha nne, akailipa kodi ya nyumba Nyalenda, kisha akafa miaka miwili kabla mumewe hajatoka. Mwana anaishi nayo sebuleni, imefunikwa kitambaa alichokifuma mamake. Ndicho kitu pekee cha mama alichobaki nacho. Na mzee anaporudi, anaiona. Anachokuja kuomba si msamaha tena. Anataka cherehani, airudishe kwa mwenyewe.

Mwana anakataa. Na ana haki ya kukataa, na kukataa kwake kunamweka mahali pabaya, kwa sababu yeye aliyemchukia babake kwa wizi amekula wizi huo tangu utotoni, kila daftari na kila sahani ya sukuma. Nilipoona hivyo nilijua kwamba bastola hazina kazi tena. Wale wenzake wa zamani na kazi yao ya mwisho niliwafuta wote usiku mmoja. Mapigano ya kwenye mabohari nikayafuta. Niliyaonea uchungu, sitaficha. Nilikuwa nimeyachora kila picha.

Kinachofuata ndicho nilichojifunza zaidi, na sikukijua kabla.

Katika mswada wa kwanza, mwana alipokutana na babake alipiga kelele kwa kurasa mbili. Ulikuwa wapi? Unanijua mimi? Unajua mama alikufaje? Kijana aliyeigiza alikuwa mzuri wa kupiga kelele, na tulipofanya mazoezi watu walisisimka. Mzee akaninong'oneza pembeni, "Mwanangu, mtoto wa kwetu hamwambii babake hivyo, hasa akiwa na hasira kweli. Akiwa na hasira kweli, atamkaribisha."

Nikamwomba anionyeshe. Akaichukua nafasi ya mwana, mimi nikawa baba. Akafungua mlango. Akasema, "Karibu, mzee." Akanivutia kiti kizuri, kile cha wageni, akakipangusa kwa mkono. Akaniuliza safari ilikuwaje. Kisha akamwita mtoto wa jirani, akampa pesa, akamtuma soda.

Soda! Nilihisi kitu kimeniingia tumboni. Kila mtu aliyelelewa hapa anajua soda ya mgeni: chupa moja baridi juu ya kistuli, pakiti ya biskuti kando, na mwenyeji anakutazama ukinywa. Baba hapewi soda nyumbani kwa mwanawe. Baba anaulizwa kama amekula, anapewa maji ya kunawa, ugali unasongwa. Ukimpa soda umemwambia yeye ni nani, na hana njia ya kulalamika, kwa sababu umemheshimu.

Tuliishuti sehemu hiyo kwa dakika tano bila kukata. Mwana hamwiti "baba" hata mara moja, anamwita "mzee", neno la adabu ambalo angempa mtu yeyote mwenye mvi kwenye matatu. Kijana wetu alihangaika mwanzoni. Hasira ilikuwa inamtoka machoni. Nikamwambia afikirie biskuti tu: azipange vizuri kwenye sahani, zisipishane. Alipozipanga mara ya nne mzee akaanza kutetemeka mkono kweli, chupa ikagonga meno, na mshika maikrofoni akafumba macho. Hiyo ndiyo tuliyoitumia.

Mzee alinirekebisha jambo jingine. Niliandika kwamba usiku huo analala kwa mwanawe, kwenye kochi. Akasema, "Kwetu Waluo baba halali nyumbani kwa mwanawe." Nikasema hapa ni mjini, watu wameacha. Akasema wameacha wengine, ila mtu aliyeingia gerezani mwaka 1997 ametoka na mila ya mwaka 1997. Hakuwepo wakati wenzake wakiiacha. Kwa hiyo mzee wa filamu anaondoka usiku kwa hiari yake, mwana anadhani amekasirika, kumbe ameshika adabu. Analala kwenye varanda ya duka Nyalenda na kofia usoni. Hatukumfafanulia mtazamaji. Watu wa hapa wataelewa, na wa mbali wataona mzee aliyelala nje.

Kuhusu kazi yenyewe ya kushuti, nitapita haraka, isipokuwa sauti, kwa sababu sauti ndiyo iliyotutesa kuliko kitu chochote. Picha mbaya mtu huivumilia, na sauti mbaya humfanya atoke nje. Kaloleni ina misikiti, na adhana ina saa zake, kwa hiyo tulijifunza kupanga mazungumzo marefu kati ya adhuhuri na alasiri. Kisha mvua. Mchana upepo hutoka ziwani kuingia nchi kavu, mawingu yanajijenga upande wa vilima vya Nandi, na ikifika saa kumi jioni yanashuka mjini kwa radi. Chini ya bati, mvua ya Kisumu haikuachii hata neno moja. Tuliacha kupanga kitu chochote cha ndani baada ya saa tisa na nusu. Tulikuwa na kirekodi kimoja na maikrofoni moja juu ya ufito wa mwanzi, na kila tulipomaliza sehemu tulinyamaza dakika nzima kurekodi ukimya wa chumba. Mhariri alitushukuru sana kwa dakika hizo. Bila ukimya wa chumba huwezi kuunganisha maneno mawili yaliyosemwa saa tofauti.

Mwanga nao. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, na likizama limezama. Ile jioni ndefu ya dhahabu unayoiona kwenye filamu za nchi za kaskazini haipo hapa. Una kama dakika ishirini. Ukibishana na mwigizaji, zimekwisha.

Na kuna kosa moja linaloniuma hadi leo. Nilitaka mzee na mwana wakutane usiku ufukweni Dunga, nyuma yao ziwa limejaa taa za wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, mamia ya taa kama mji juu ya maji. Tulikodi gari, tukabeba kila kitu, tukafika saa mbili usiku. Ziwa lilikuwa tupu. Mwezi ulikuwa mpevu, mkubwa, unang'aa kila mahali. Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona wavu alituambia kwa utaratibu, kama mtu anayefundisha watoto, kwamba omena huvutwa na taa gizani, na mwezi ukiwaka hazina haja ya taa ya mtu, kwa hiyo usiku wa mbalamwezi hawaingii. Mimi ni mzaliwa wa Kisumu. Nimekula omena tangu nikiwa na meno mawili, na sikujua. Tulirudi bila picha hata moja na shilingi 6,000 zimekwenda. Sehemu hiyo tuliihamishia jikoni kwa mwana. Walimu wengi wa uandishi wanasema andika unachokijua. Ningeongeza kwamba waulize wanaokifanya.

Pesa nazo zilikwenda hivi: chakula kilikula zaidi ya kamera. Sikuamini nilipojumlisha. Watu kumi na wawili kwa siku kumi na moja, chai na mandazi asubuhi, wali au ugali mchana, na usiku ukichelewa lazima uwape nauli ya boda boda hadi mlangoni. Cherehani ya filamu tuliinunua Kibuye kwa 7,500, Singer nyeusi iliyochakaa, maandishi ya dhahabu yamebaki nusu. Bastola ya mbao tuliyoichonga kwa wiki mbili haikutolewa kwenye begi.

Mwisho wa hadithi ndio uliotupa shida. Mwana amekubali, kwa sababu ambazo sitazieleza hapa, na wawili hao wanaisukuma cherehani kwa mkokoteni kutoka Nyalenda hadi Kaloleni, jua kali, bila kuongea. Njiani mwana anahamia nyuma kusukuma, na mara moja tu, gurudumu likizama shimoni, anasema, "Baba, shika upande huo." Anaisema bila kujua ameisema. Mpaka hapo nilikuwa na uhakika.

Lakini wakifika mlangoni? Nilikuwa nimeandika kwamba mwenye cherehani anaitazama, anaanza kulia, anaushika mkono wa mzee. Nilimsomea mama. Nilimwomba pia aigize sehemu hiyo yeye mwenyewe, akakataa palepale. "Jambo langu sitaliigiza," alisema, na sikumsumbua tena. Lakini aliusikiliza ule mwisho mpaka neno la mwisho, kisha akanyamaza kwa muda mrefu.

"Huyu mwanamke mmempa haraka ya nini?" aliuliza.

Nikasema nataka watazamaji waondoke na matumaini.

"Miaka ishirini hamkumpa hata jina. Sasa amefika tu mlangoni, na kazi yake ya kwanza ni kumsamehe huyu mzee ili nyinyi mwende nyumbani."

Nikamwuliza yeye angefanyaje. Hakujibu kama mtu anayefikiria filamu. Alitazama mlango wake mwenyewe. "Ningeitazama kama ni yenyewe. Anayejua cherehani hafanyi haraka, anafungua pale chini, anatazama bobini. Kama ni yenyewe, ningeiingiza ndani. Halafu ningefunga mlango."

"Bila kusema kitu?"

"Ningesema nini, mwanangu?"

Mwalimu wa kwaya aliigiza badala yake, na mama alikubali kumfundisha mikono. Kwa asubuhi nzima walikaa wawili kwenye ile cherehani ya Kibuye: namna ya kusukuma kwa kidole gumba kibati kinachofunika bobini, namna ya kuitoa bobini bila kuitazama, namna ya kuuvuta uzi kidogo kuona kama unakaza. Tulishuti mara mbili tu. Mlango ulipofungwa, mzee wetu alibaki amesimama nje na mikono yake mitupu ikiwa bado imekaa kama iliyobeba kitu. Mwana yuko nyuma yake, kwenye mkokoteni. Sikusema "kata" kwa sababu sikukumbuka. Kamera iliendelea mpaka kadi ikajaa.

Ilipomalizika kuhaririwa tuliipeleka kuainishwa kwa umri wa watazamaji, ikapewa 16, yaani si ya walio chini ya miaka hiyo, na onyesho la kwanza tulilifanya uani kwa mama, shuka jeupe likiwa limetundikwa kwenye kamba ya nguo, projekta ya kuazima juu ya meza yake ya kukatia vitambaa. Walikuja majirani labda arobaini, na wauza mitumba wanne kutoka Kibuye tuliowaalika, pamoja na yule mama aliyemficha mzee chini ya mapazia. Sehemu ya soda watu walicheka kidogo, kisha wakaacha kucheka. Sehemu ya mkokoteni mtoto mmoja aliuliza kwa sauti kama watafika. Mlango ulipofungwa hakuna aliyepiga makofi, na mimi nilisimama nyuma na mikono baridi, nikiamini tumeshindwa. Kisha mtu mmoja akaanza kueleza jirani yake juu ya redio aliyoibiwa mwaka 1994, na mwingine akadakia na baiskeli, na uani pakajaa hadithi mpaka saa tano usiku. Mzee wetu aliketi katikati yao, bado amevaa lile koti la filamu, akisikiliza kila moja, akiuliza kila mtu kama kitu chake kilipatikana.

Mama hakuzungumza. Alisubiri wageni waondoke, akaanza kukunja viti, nami nikamsaidia. Tulipofika kiti cha mwisho akaniuliza, "Ile bobini. Mliiweka uzi?"

"Tuliiweka, mama."

"Wa rangi gani? Kwenye picha haionekani."

"Buluu."